Pilau Iliyolazwa Blanketini

Jumatatu, 5 Mei

Makomredi wa mapambano, mliopo na mtakaozaliwa! Shajara hii ni ya siri. Hata hivyo naiandika kwa sauti ya jukwaani, kwa kuwa sina sauti nyingine.

Leo mimi, Nathaniel, mwanafunzi wa sayansi ya siasa, nimetangaza rasmi kugombea uenyekiti wa wanafunzi wa chuo chetu. Kura ni Jumamosi. Nikishinda, historia ya Mwanza itaanza upya. Nikishindwa... sentensi hiyo haina mwisho.

Mpinzani ni mmoja tu. Raya, wa afya ya jamii. Mpole, mwenyeji wa Mkuyuni, hana hotuba hata moja. Sera yake? Sabuni! Anataka maji tiririka na sabuni mbele ya kila kibanda cha chakula. Umma unadai haki, yeye anaupa povu.

Nilimsimulia Mhoja, meneja wangu wa kampeni na mwenzangu wa chumba. Alicheka sana. Kisha akauliza kama hiyo sabuni ingekuwa ya kipande au ya maji. Mhoja ametokea Misungwi na hana fikra dhahania.

Jumanne, 6 Mei

Mdahalo. Ukumbi umejaa.

Raya alizungumza kwanza, polepole, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Alisema chakula humdhuru mtu kwa njia za kawaida kabisa. Mikono iliyotoka chooni bila kunawa. Kisu kilichokata nyama mbichi kikahamia kwenye nyanya. Maji ya ziwa yasiyochemshwa. Chakula kilichoiva vizuri, kikaachwa kikipoa taratibu usiku kucha hadi vijidudu vikajialika. Chakula sharti kiliwe kingali cha moto, alisema, au kipozwe upesi na kuwekwa kwenye jokofu.

Nilisimama. Nikatamka kwamba vijidudu ni hofu iliyobuniwa na tabaka lenye majokofu. Makofi! Miguu ikapigwa sakafuni! Raya akasubiri kelele zitulie, kisha akauliza kama mheshimiwa mwenyewe hunawa mikono. Nikajibu kwamba mikono yangu imechafuliwa na mapambano tu.

Makofi yakapungua. Waliokaa karibu nami wakasogeza viti. Sijaelewa bado kwa nini.

Jumatano, 7 Mei

Taarifa nzito. Raya atawalisha wapiga kura Ijumaa, saa nane mchana, baada ya swala. Wali na samaki aina ya sato, vyote vitapikwa siku hiyohiyo. Watu wanalitaja jina lake huku wakimeza mate.

Nimetafakari. Aliyeshiba hasikilizi hotuba ya pili. Kwa hiyo tutawashibisha sisi kwanza, saa tano asubuhi, na kwa pilau! Saa nane watafika kwa Raya na matumbo yasiyo na nafasi.

Mhoja akasema pilau ya umati mzima haiwezi kuiva kabla ya saa tano. Nikamwambia ndiyo maana tutaipika Alhamisi. Akasema, haya, Mwenyekiti.

Alhamisi, 8 Mei

Kutwa nzima uani kwa shangazi yangu Tereza, Mkuyuni. Nilimpa shikamoo yake, akaitika marahaba, akaniazima masufuria mawili makubwa. Akaondoka kwenda kwaya, akiniachia onyo moja tu: nisimharibie mwiko.

Jikoni tulitawala kwa misingi. Ubao mmoja, kisu kimoja, nyama na nyanya za kachumbari bila ubaguzi. Mhoja alitaka kuuosha ubao katikati. Nilimkumbusha kwamba muda ni rasilimali ya umma.

Jioni pilau ikawa tayari. Harufu yake ilifika barabarani. Lakini mtaalamu wa mikakati hutazama mbele: itakaaje na joto hadi kesho, bila kuteketeza mkaa? Nikabuni. Sufuria la kwanza nikalivika blanketi langu la bweni. La pili nikalifunga kwa magunia, juu yake koti la Mhoja. Mhoja akaniuliza kwa heshima zote, “Mwenyekiti, hapa tunapika au tunaatamia?”

Shangazi aliporudi akayakuta masufuria yamelala sebuleni kama wageni. Akauliza nani atayaamsha, na kama yatahitaji chai.

Wivu wa kizazi kilichopita.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi. Ushindi wa sayansi! Sufuria bado lina uvuguvugu. Mhoja akainamia, akanusa, akasema pilau ina pumzi. Alitaka tuipashe hadi ichemke. Nilikataa. Saa tano ni saa tano.

Mchana. Umati umekula! Wamesifu nyama, wamelamba vidole. Mhoja alikula sahani tatu ili kutoa mfano. Mimi sikugusa. Kiongozi hula mwisho, na nilikuwa na hotuba. Nikahutubia hadi sauti ikakauka.

Saa nane nilikwenda kwa Raya kushuhudia anguko lake. Watu wangu walikuwa pale pia, wakingoja chakula cha pili, jambo lililonisononesha. Ghafla kijana mmoja akashika tumbo. Wa pili akakimbilia ua wa michongoma. Wa tatu hakufika kwenye ua. Katika muda mfupi nusu ya mkutano ilikuwa imeinama.

Nikaona mlango wa historia uko wazi! Nikanyakua kipaza sauti, nikatangaza kwamba chakula cha Raya kimewadhuru wana wa nchi hii, na kwamba tulionya.

Raya hakubishana. Alinyoosha mkono kuelekea mekoni. Masufuria yake yalikuwa bado motoni, vifuniko juu. Hakuna aliyekuwa amepakuliwa.

Umati ukageuka kunitazama, wote kwa pamoja. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, “Mwenyekiti, umetupikia nini wewe?”

Ilinibidi nitetee itikadi kwa vitendo. Nikaagiza pilau iliyobaki iletwe, nikaipasha hadi ikatoa mvuke, nikala sahani nzima nikiwa nimesimama mbele yao. Raya alinisihi nisile. Alisema moto huua vijidudu, lakini sumu ambayo baadhi yao wamekwisha kuiacha ndani ya wali haiondolewi na moto. Nikamjibu kwamba hiyo ni sumu yenye msimamo, na mimi huheshimu msimamo.

Jioni. Hujuma! Tumbo linasokota. Kichefuchefu. Kutapika. Kisha kule kwingine nako. Naandika kwa vipande, kati ya safari na safari.

Hali ya Mhoja ni mbaya kuliko yangu. Macho yamezama, midomo imekauka, na anasema hajakojoa tangu mchana. Nilimshika mkono nikamsomea ile sehemu ya ilani yetu inayohusu uvumilivu. Akafumba macho. Niliogopa, makomredi. Naandika hapa tu: niliogopa sana.

Raya akaja bila kuitwa. Alinawa kwanza, kwa sabuni yake. Akachanganya pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini katika maji yaliyochemshwa, akamnywesha Mhoja kijiko baada ya kijiko. Alipoona hata hicho hakikai tumboni akatafuta bajaji, akampeleka zahanati. Kabla ya kuondoka aliwaambia wote waliokuwa bwenini: anayeona damu chooni, mwenye homa kali, anayetapika bila kukoma au anayeshindwa kunywa, asingoje kupambazuke. Aende hospitali.

Nami aliniachia pakiti. Niliinywa nikiwa nimegeukia ukutani, isije ikatafsiriwa kuwa ni kumuunga mkono.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kura. Nilipiga kura yangu kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa tumboni. Foleni ya kituo na foleni ya choo zilianzia mlango mmoja. Ya pili ilikwenda kwa ari zaidi.

Mchana akaja Mhoja! Dripu imemrudishia uso. Aliomba ruhusa zahanati, akafika na plasta mkononi, akitembea kama mzee, akapiga kura, akaketi chini kupumzika. Machozi yalinilenga. Nilisema moyoni, maadamu mtu huyu yupo, harakati haifi.

Matokeo: Raya. Si kwa kura chache. Msimamizi aliposoma za kwangu, alizisoma upesi, kwa huruma.

Nikamwendea Mhoja nimfariji. Nikamwambia angalau sisi wawili tulisimama imara. Akatazama viatu vyake. Kisha akakiri kwamba naye amempigia Raya. Nilimuuliza amewezaje. Akasema kwa sauti yake ileile ya upole, “Kaka, yule alininywesha dawa kwa kijiko. Wewe ulikuwa unaninywesha hotuba.”

Nimeandika majibu kadhaa tangu hapo, yote mazuri, lakini amelala.

Jumapili, 11 Mei

Kumetulia. Tumbo limenyamaza. Nimekula uji, na mwili umeukubali.

Asubuhi Raya alinijia, mwenyekiti mteule, bila majivuno. Anaomba niingie katika kamati yake ya usalama wa chakula. Alisema mtu mwenye sauti kama yangu anaweza kuwafanya watu wengi wanawe mikono. Nilimwambia nitalifikiria. Akasema nilifikirie nikiwa nimenawa.

Nimelifikiria. Nimekaa na nafsi yangu bila jazba, nikajiuliza kama msomi: tulikosea wapi? Si ubao. Si kisu. Si siku ya kupika. Baada ya uchambuzi wa kina nimebaini kosa: blanketi lilikuwa jembamba.

Kamati nimeikataa. Harakati haiwezi kumezwa na ndoo ya kunawia. Badala yake naunda upinzani, na upinzani hujengwa juu ya vyakula asilia vya wazalendo. Mjomba Shimba wa Magu ameahidi madumu ya maziwa, yaliyokamuliwa alfajiri, yatakayotufikia jua likiwa limepanda vizuri. Nimemkataza kabisa kuyachemsha. Kuchemsha ni kuyavunja moyo.

Mhoja amesema atakuwepo, ila atakuja amekwisha kula.

Makomredi! Kikao cha kujipanga upya ni Jumatano, saa kumi jioni, nyuma ya maktaba. Kila mmoja aje na kikombe chake. Kuoshwa si lazima.