Nyota Tano za Baiskeli ya Dada Sumako

Nagasaki, tarehe 9 Juni

Ndugu Mhariri wa jarida la Baiskeli za Kazi,

Natumaini hamjambo hapo ofisini. Mimi ni mzima wa mwili tu. Mengine mmeyaharibu ninyi.

Mwezi wa nne mliipa nyota tano baiskeli moja ya umeme ya mizigo. Dada yangu Sumako, mjane wa miaka sabini na mmoja, akasoma, akainunua. Yeye alikuwa akikaa bondeni, karibu na gati. Mimi nilihamia huku juu kabisa ya mlima baada ya kufiwa na mke wangu, nisisumbuliwe na mtu. Kwa miaka sita mlima ulinitosha. Sasa nalalamika:

1. Mota. Mliandika kwamba mtu anapanda mlima bila kutoka jasho. Kweli kabisa. Dada hufika na pumzi zake zote, na zote huzimalizia kwangu: "We Tetsuo, mbona nyumba ina vumbi kama la marehemu?"

2. Haina kelele. Zamani nilimsikia akihema tangu kona ya pili, nikawahi kufunga mapazia na kujifanya sipo. Siku hizi nashtukia yuko jikoni.

3. Keria inabeba kilo ishirini na saba. Hapa ndipo mliponimaliza. Siku ya kwanza alileta sufuria ya umeme ya wali. Nikashukuru. Kesho yake, jiwe la kukandamizia figili za kuchachusha. Kisha godoro, kimeza, paka. Nilidhani ni zawadi, Ndugu Mhariri! Siku ya ishirini na tatu alileta picha ya marehemu shemeji, akaitundika kando ya picha ya mke wangu, akasema, "Funguo za kule nimerudisha. Hebu sogeza miguu." Amenihamia kwa baiskeli, kipande kwa kipande!

4. Betri inakwenda kilomita themanini. Kutoka gatini hadi kwangu ni mbili. Zilizobaki anazitumia kuzunguka mtaani akialika watu waje kula kwangu. Jana tulikuwa tisa, na mzee mmoja alikaa mezani amevaa kandambili zangu za chooni.

Kwa hiyo naomba nyota zipunguzwe ziwe mbili. Tena watengenezaji wafunge kifaa cha kuzima mota pale kinapotambua kwamba aliyepanda ni dada mkubwa wa mtu.

Nisalimie mafundi, wapiga picha na yule aliyeijaribu. Mwambie sina kinyongo naye, ila asije huku.

Ni mimi niliyekosa utulivu,
Tetsuo Iwanaga

Tanbihi: Posta iko bondeni, kwa hiyo barua hii anaipeleka Dada. Ameisoma, akasahihisha makosa matatu, akasema, "Ongeza kwamba breki ni nzuri." Ni nzuri. Nimezikagua mwenyewe asubuhi hii, mara nne, maana mvua imenyesha na mteremko unateleza. Nyota ziacheni zilivyo.