Mgombea Namba Ishirini na Saba

Jumapili, 30 Agosti

Ahadi za kura sitini na nne, zote za kanisani kwetu. Nimezihesabu mara mbili wakati wa mahubiri, daftari likiwa limefichwa ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu.

Niandike wazi, maana siku moja wanahistoria watasoma haya. Mimi ni Baudouin, mwalimu wa jiografia kutoka Uvira, kwa sasa mwosha vyombo katika nyumba ya wazee. Baada ya wiki mbili Uswidi inachagua bunge, nami nagombea kwa tiketi ya Chama cha Majirani. Tuna wanachama mia tatu na kumi. Katibu wetu Mikael, mpeleka barua mstaafu, ameniweka namba ishirini na saba kati ya ishirini na nane. Namba ishirini na nane ni mama mkwe wake.

Lakini hapa mpiga kura anaweza kuweka alama ya X kwenye jina la mtu mmoja. Ukipata X za kutosha, unawaruka wote walio juu yako. Nikizipata, namba haina maana. Ndivyo ninavyoielewa.

Évode, kiongozi wa kwaya yetu na dereva wa basi, naye anagombea. Baraza la manispaa tu, kwa chama kikubwa. Nilimpa pole. Nilimwambia nitamkumbuka akiwa kule anajadili mapipa ya takataka. Akatabasamu, akasema kila mtu abebe mzigo unaomtosha.

Mzigo. Nimeliandika neno hilo.

Jumanne, 1 Septemba

Msiba.

Binti yetu Aurore, miaka ishirini na sita, ameajiriwa kwa siku moja kupokea kura katika shule ya hapa Rissne. Leo alirudi kutoka mafunzoni. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi, ndivyo tunavyoishi. Aliniuliza wangapi kati ya wale sitini na nne ni raia. Nikasema wote ni watu wema. Akasema hakuuliza wema wao.

Kumbe kura ya bunge ni ya raia peke yao. Ya manispaa, hata asiye raia anapiga, mradi amekaa miaka mitatu.

Nimepiga simu jioni nzima. Wengine wanasubiri jibu la uraia tangu mwaka juzi. Wengine hawajaomba. Raia ni tisa, ukinihesabu mimi na mke wangu. Hamsini na watano waliobaki hawawezi kunipa hata nukta, lakini Évode wanaweza kumpa kila kitu.

Mama Emérithe, mkubwa wetu wa kanisa, alinifariji kwa upole wa kuumiza. "Mwanangu, kama ningekuwa na ile karatasi ya njano ya bunge ningekupa. Mimi nina haki ya nyeupe tu, na kwenye nyeupe yuko Évode."

Sikula.

Jumamosi, 5 Septemba

Nimefufuka. Kama kanisa halina raia, raia wako kwingine. Nilikwenda Skärholmen, uwanjani mbele ya maduka, nikaweka meza, picha yangu na maandazi mia mbili. Mke wangu Dorothée aliamka mapema kuyakaanga. Hakusema neno tangu la kwanza hadi la mia mbili. Miaka ishirini na minane ya ndoa imenifundisha kutouliza.

Watu walikuja. Wakongo, Watanzania, Waganda, Wakenya wawili waliotaka nihutubie kwa Kiingereza. Nilihutubia. Mmoja aliniuliza sera yangu ya nyumba, nikamwongezea andazi. Muuguzi Mkenya, Maryanne, aliniahidi kura yake na za wenzake wote wa wodi. Safari hii nilikuwa mwerevu: kila mmoja nilimuuliza kwanza kama ni raia.

Ahadi mia moja na kumi na mbili. Raia watupu. Sauti imekwisha, miguu imevimba. Kwenye treni ya kurudi nilijaribu saini mpya, yenye nafasi ya neno Mheshimiwa.

Jumapili, 6 Septemba

Mikael alipita kunywa kahawa. Nilimwekea daftari mezani, nikajifanya natazama dirishani. Yeye hana haraka hata siku moja. Alisoma kurasa zote, kisha akauliza kama watu hawa wote wanakaa Skärholmen.

Nikasema ndiyo, wote.

Akaomba kalamu, akachora ramani nyuma ya bahasha. Jiji la Stockholm ni jimbo moja la uchaguzi. Manispaa yetu ya Sundbyberg, pamoja na mtaa wetu wa Rissne, iko nje ya mstari, katika jimbo la mkoa. Jina langu limeandikwa kwenye karatasi za mkoa peke yake. Watu wa Skärholmen hata wakinitafuta kwa taa hawataniona.

Alikunja bahasha, akaniuliza taratibu nilikuwa nafundisha somo gani kule nyumbani.

Nikasema historia.

Jumatano, 9 Septemba

Siku mbili sikuandika. Kazini nilivunja mabakuli mawili ya supu, na mzee mmoja wa pale akaniuliza kama nimefiwa.

Leo lakini nimepata jambo. Wapiga kura wangu tisa ni hazina, ila mikono yao siiamini. Papa Gilles hutetemeka. Mwingine husahau miwani. X ikikaa mstari wa chini ya jina langu itaangukia kwa mama mkwe wa Mikael. Dawa ni kuwawekea X mimi mwenyewe.

Nilikwenda kwa fundi wa viatu na funguo kule Farsta, anachonga mihuri pia. Nikachongesha X. Ndogo, nyeusi, imenyooka. Mikael alikuwa amenipa karatasi mia nne za chama. Nimezipiga mhuri zote kwenye meza ya jikoni. Sitawapa tisa tu. Nitaziingiza katika masanduku ya barua Rissne nzima.

Dorothée alisimama mlangoni akitazama. Akauliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia kila chama hugawa karatasi zake.

"Karatasi, ndiyo," akasema. "Na mhuri?"

Nikamwambia viongozi hawaombi ruhusa ya kila kitu. Akachukua karatasi moja, akaitazama sana, akaiweka kwenye mkoba wake. Kisha akasema aliolewa na mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari mara mbili kabla ya kuyarudisha. Nimelifikiria neno hilo kidogo. Nimeamua lilikuwa sifa.

Ijumaa, 11 Septemba

Baba alinipigia kwa video kutoka Uvira. Ana miaka themanini na moja. Alikuwa amevaa koti na tai, amekaa wima kama kwa mpiga picha.

Amewaambia avenue nzima, mtaa wetu wote. Mchungaji ametangaza kanisani. Baba akauliza nitapewa walinzi wangapi. Nikamweleza kwamba wabunge wa huku wanapanda treni kama watu wengine. Uso ukamshuka. Akauliza kwa sauti ya chini kama hilo ni bunge la kweli.

Miaka yote hii watu wakimuuliza mwanawe anafanya nini Ulaya, Baba hujibu kwamba nafanya kazi na wazee wa Uswidi. Si uongo. Naosha sahani zao. Lakini Baba hulisema lile neno wazee kwa namna ambayo mtu anaona baraza, fimbo na viti vya ngozi.

Akaniomba picha nikiwa mbele ya bendera, aitundike kando ya picha ya marehemu mama.

Nilitaka kumwambia. Namba ishirini na saba, Baba. Wapiga kura tisa, Baba. Nilifungua mdomo, mdomo ukasema: mniombee.

Akasema wameshaanza.

Jumapili, 13 Septemba

Siku yenyewe. Nilivaa suti ya harusi. Kifungo kimoja kilikataa.

Aurore alikuwa mezani shuleni. Alinitazama kama abiria asiyemjua, akaniomba kitambulisho. Nilimpa kwa fahari. Nikapiga kura yangu, yenye mhuri safi, na nilipotoka nilimwona jirani wa ghorofa ya nne akiwa ameshika karatasi yangu. Na mwanamke mwingine. Na kijana mwenye mbwa. Moyo ulijaa hadi nikalazimika kukaa kwenye ngazi.

Évode alipita na mkewe. Akanipa mkono, akanitakia heri. Mkono ulikuwa wa moto. Wa mtu mwenye uhakika.

Saa mbili usiku televisheni ikaanza kuonyesha vyama. Kila chama rangi yake. Nilisubiri yetu. Pembeni kabisa kulikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, umeandikwa Vyama Vingine. Niliuliza kama tumo humo. Dorothée akasema huenda. Nikazima.

Jumatatu, 14 Septemba

Aurore alikuja kula nasi kifungua kinywa, macho mekundu kwa kuhesabu. Akavuta kiti. Kisha akanisemesha Kiswahili, nami nikajua mambo ni mabaya.

"Baba, ule mhuri ni wako?"

Nikamwongezea kahawa.

Akaeleza, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alama ya X lazima iwekwe na mpiga kura mwenyewe. Ikionekana imepigwa kwa mashine, haihesabiwi. Karatasi inabaki kuwa kura ya chama, lakini mgombea hapati kitu. Walizikuta ishirini na mbili za namna hiyo. Mzee mmoja kati ya wahesabu kura alizisifu kwa unadhifu.

"Ungeniuliza tu, Baba," akasema. "Nilikuwa hapa hapa."

Kwa hiyo watu ishirini na wawili walibeba jina langu hadi sandukuni, nami mwenyewe nilikuwa nimelifuta kabla hawajatoka nyumbani. Nikiwamo mimi. Nimejinyima kura yangu.

Saa nne Mikael alipiga simu, sauti ikimtetemeka kwa furaha. Ishirini na mbili Rissne peke yake, rekodi ya chama katika kituo kimoja. Aliniuliza siri yangu ni nini. Nikasema ni kazi ngumu.

Jumapili, 20 Septemba

Hesabu kamili za X zimetoka. Mama mkwe wa Mikael: kura kumi na nne. Mimi: moja.

Moja. Niliitazama sana ile moja. Nikaelewa ni ya nani. Nikaenda jikoni, nikamkumbatia Dorothée kwa nyuma akiwa anamenya vitunguu, nikamwambia sitasahau. Akaweka kisu chini.

"Baba Aurore," akasema, "mimi nilitumia ile niliyoichukua mezani. Ya mhuri."

Tukabaki hivyo. Yeye alikuwa akilia, lakini kulikuwa na vitunguu, kwa hiyo siwezi kuandika kwa uhakika.

Kisha Baba akapiga. Alikuwa na koti lile lile.

"Baba, sikuingia."

Nyuma yake nikasikia watu wakinong'onezana. Chumba kilikuwa kimejaa.

"Waliiba?" akauliza.

Ningesema hapana. Neno ni fupi, watoto hulijua kabla ya kutembea. Lakini niliona uso wake ukilisubiri lile jingine, kama mgonjwa anavyosubiri maji.

Nikasema uchunguzi unaendelea.

Amepiga simu tena jioni. Avenue nzima wataanza kufunga kesho, siku tatu, kwa ajili ya haki kutendeka Uswidi. Mzee wa miaka themanini na moja anafunga kwa sababu yangu. Nimejaribu kula mkate. Nimeurudisha kabatini.

Jumanne, 22 Septemba

Évode alikuja. Hakupata kiti, amepata nafasi ya akiba katika baraza, ataitwa mwingine akikosekana. Alikaa ukingoni mwa kochi, kofia ya kazi magotini.

Akasema ile moja ni yake. Alimwomba Mikael karatasi safi, akaniwekea X kwa kalamu.

Nilimuuliza kwa nini.

"Nilijua utafungua hesabu ukaona sifuri," akasema. "Mtu hapewi sifuri, Ndugu Baudouin. Si baada ya kukaanga maandazi mia mbili."

Nikamshukuru. Sikumsahihisha kuhusu nani aliyekaanga. Dorothée alimmiminia chai kikombe cha pili.

Mchana wote nilikuwa na kitu kifuani, kizito, chenye joto. Nilidhani ni aibu. Karibu nimpigie Baba nimwambie asimamishe mfungo, nimwambie yote, hadi sahani.

Halafu nikaelewa. Nina kura moja duniani, na ni mali ya Évode. Ndicho alichotaka. Mjanja yule. Karibu anipate.

Jumamosi, 26 Septemba

Tangazo ngazini. Wapangaji wanachagua mwenyekiti wa kamati ya ua: bustani, mabenchi, mahali pa kuchomea nyama. Uchaguzi tarehe nane Oktoba, katika chumba cha kufulia nguo.

Mwenyekiti wa sasa ni Gun-Britt wa ghorofa ya chini. Miaka themanini na mitatu, hutembea na kigari cha kujishikiza. Ameshika kiti hicho miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kupata mpinzani. Raia wote, jimbo moja, ngazi moja. Mungu amenionyesha njia.

Nimeandika jina langu kwa herufi kubwa. Dorothée alipoliona alivaa koti akaenda kutembea, na mvua ilikuwa inanyesha.

Nyumba ziko kumi na nane. Nimeshapiga hodi kumi na moja. Ahadi kumi na moja. Nilifika hadi kwa Gun-Britt mwenyewe, kumpima nguvu. Alinikaribisha kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, akasema mgongo unamuuma na kwamba atafurahi sana kunipa kura yake.

Maskini. Hajui siasa hata kidogo. Nitamponda.