Kamera ya Mama na Jina la Mwagizaji

Makongeni, Thika

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wapenzi wa Kamera Ndogo za Zamani,
Ruiru.

Mheshimiwa Bwana Kitheka,

KUH: KUKATALIWA KWA KAMERA YA MAMA YANGU

Pokea salamu kutoka kwetu Makongeni. Mimi ni mzima ila nimekasirika. Jumamosi ulikataa kamera yetu, ile ndogo inayotosha ndani ya kiberiti, isiingie kwenye maonyesho yenu. Sababu uliyotoa ni kwamba chini yake hamna tena alama ya mwagizaji, yaani jina la duka lililoileta Kenya kutoka Ulaya enzi hizo. Ni kweli, jina limesuguliwa kwa waya wa kuoshea sufuria, na mahali pake pana madoa matatu mekundu ya rangi ya kucha. Ukasema imeharibiwa. Mama alikuwa amevaa rinda lake la Pasaka. Nilikuwa nimemwahidi kiti cha mbele na jina lake kusomwa kwa kipaza sauti, na njia nzima ya kurudi aliipakata kamera kama mtoto mgonjwa. Iliniuma sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Yale madoa si uchafu. Huku kwetu chombo kinachoazimwa hutiwa alama ya nyumba. Sufuria ya mama huenda matanga Juja, ikachanganyika na sufuria za mtaa mzima, na bado ikarudi nyumbani kwa sababu ya doa. Niambie ni mwagizaji gani amewahi kumrudishia mtu sufuria.

2. Mwagizaji aliitoa kamera kwenye sanduku, akaiuza, akaisahau. Mama ameitunza miaka yote kabatini.

3. Suti uliyovaa Jumamosi, ambayo ilikukaa vizuri, nayo iliingia nchini ndani ya robota la mitumba. Mbona hujaandika mgongoni jina la aliyelileta? Na Bi. Kitheka, siku ya harusi yenu, aliletwa kanisani kwa pikapi ya mjomba wake. Sijasikia mjomba akidai jina lake lichorwe popote.

4. Kwa hivyo naomba, kwa heshima zote, alama za waagizaji zisuguliwe kwenye kamera zote za maonyesho (waya nitaleta mwenyewe), kila kamera itiwe doa la nyumba yake, na mwenye doa atambuliwe mbele ya watu kuwa mwenye kamera, bila kuulizwa swali lingine lolote.

Nisalimie wanachama wote, watoto nyumbani, na hata yule mzee aliyeikagua kamera yetu kwa lenzi akatucheka.

Wako mwenye uchungu,
Wanyoike

N.B. Nimemsomea mama barua hii kabla ya kuifunga. Ametafuta miwani, akaigeuza kamera, akayahesabu madoa. Doa letu, anasema, ni moja tu, tena la kijani. Matatu mekundu ni ya jirani yetu Wangeci. Kamera ilirudi ndani ya sufuria yetu kutoka harusi ya dada yangu Tabby, na Wangeci huiulizia kila Jumapili baada ya ibada. Tafadhali futa namba nne, kisha utafute fundi wa kuchonga arudishe jina la mwagizaji haraka, kwa herufi kubwa, zifunike kabisa hayo madoa. Wangeci nimeshamwalika kwenye maonyesho yenu yajayo, akae na mama kiti cha mbele.