Bibie Hasahau Karanga

Jumatatu, 3 Agosti
Shangazi anachunguza kumbukumbu za panya jike. Maabara yake imetupokea wawili, mimi na binamu. Atabaki mmoja. Mwingine atarudi nyumbani kulea mapacha wa dada. Mapacha wanang'ata.

Binamu anaongea kama redio. Akauliza, kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, kwa nini majike tu. Shangazi akasema anataka kujua homoni ya estrojeni inasaidiaje kumbukumbu kushika. Jibu nilikuwa nalo. Nililitoa moyoni.

Jumanne, 4 Agosti
Kila mtu na panya wake. Wangu nimemwita Bibie. Leo kanusa chupa mbili zinazofanana. Kesho moja itaondolewa, liwekwe kopo. Panya anayekumbuka huiacha chupa, akachunguze kopo geni.

Baada ya kunusa, sindano. Wengine estrojeni, wengine mafuta matupu. Nani kapata nini, Shangazi hasemi. Binamu anasema Bibie ana sura ya mafuta matupu.

Mimi nina siagi ya karanga.

Jumatano, 5 Agosti
Nimelipaka kopo, kidogo tu. Bibie hakuitazama chupa. Shangazi kanipiga bega, akasema wakimya wana mambo. Kopo nikalisugua kwa spiriti hadi likang'aa. Siagi iliyobaki naila kidogo kidogo, kwa kidole.

Alhamisi, 6 Agosti
Tunarudia, kuhakikisha. Leo makopo mawili, kesho moja litapisha kibao. Bibie kayalamba yote mawili. Bidii hiyo.

Ijumaa, 7 Agosti
Bibie kalikumbatia kopo. Kibao kigeni kabisa, hakukipa hata salamu. Binamu akasema bibi wa watu kazeeka.

Shangazi akalinusa kopo. Safi. Akaninusa vidole.

Akauliza Bibie anakumbuka nini hasa kwenye kopo lile. Nikaficha vidole mfukoni. Akasema Bibie alichomwa estrojeni, angeshinda bila msaada wangu. Sasa hafai kwa utafiti, na mimi pia.

Binamu amebaki. Kaniaga kwa lugha zote mbili.

Jumapili, 9 Agosti
Nimelitafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nilipaka kopo peke yake. Ningepaka na kibao.

Dada anasema mapacha wakitulia mpaka mchana, ataniruhusu nikamwombe Shangazi msamaha. Nimewapaka siagi vidoleni, wanyonye. Wametulia kama maji mtungini.

Wamemaliza. Wananitazama vidole.