Mita Iliyotembea Peke Yake

Jumatatu, tarehe 15 Julai
Ulimi umeniponza. Mwalimu Ssemmambo, baba yake Nabukeera, alikuwa akilalamika kwamba geji ya mafuta ya pikipiki yake inasema tangi limejaa hata likiwa kavu, na mita ya kilomita imegoma kabisa. Nikasema mimi ni fundi. Mimi! Mzee kanikabidhi ufunguo: nikiitengeneza kufikia Jumapili, atanitajia siku ya kwanjula, nije na ukoo wangu kumposa binti yake.

Jumanne, 16
Boya la geji limekwama ndani ya tangi. Nimepinda mkono wake mpaka mshale ukakaa katikati. Nusu. Nani atagombana na nusu?
Waya wa mita umekatika. Mpya anao Kawooya, fundi wa njia panda, aliyewahi kumtaka Nabukeera. Kaniuliza kama fundi mwenzake anahitaji msaada. Nikasema napita tu. Nyumbani nikafungua mita, nikasogeza tarakimu kwa pini. Kazi safi.

Jumatano, 17
Mzee kaenda sokoni na kurudi: kilomita nane. Nikaichukua pikipiki, eti kukaza nati. Pini, nane, tayari. Mzee akasoma, akaandika kwenye daftari, ualimu haumtoki. Akaniita mkwe wangu. Nililia kidogo.

Alhamisi, 18
Mzee alisema ana kikao cha ukoo Masaka. Jioni nikaongeza kilomita hamsini. Kumbe kikao kiliahirishwa, pikipiki ilishinda uani. Kaniuliza kwa upole ilikwenda na nani. Nikasema mita ikitoka matengenezoni huwa na pupa. Akaandika na hilo.

Ijumaa, 19
Pikipiki imezimika mlimani. Geji nusu, tangi kavu. Mzee mbele, mama mkwe nyuma, na mimi huyo natokea kwa miguu. Mkwe hamsogelei mama mkwe, kwa hiyo nikajitosa kwenye migomba. Mzee akaita, "Fundi, njoo usukume!" Nisukume vipi, na mama amekaa pale pale? Yeye akajifunika kitenge, akamwambia mumewe, "Baba Nabukeera, uambie ule mgomba uliovaa shati la buluu kwamba miguu inaniuma."

Jumapili, 21
Kawooya kaja kwa mzee, kaweka waya mpya na kunyoosha mkono wa geji kabla chai yangu haijapoa. Mzee hakunifokea. Afadhali angenifokea. Kasema siku ataitaja mita ikiongeza kilomita elfu moja, zilizotembewa kweli. Naye huenda sokoni na kanisani tu, kilomita kumi kwa wiki. Karibu miaka miwili!
Nabukeera kanitumia ujumbe: atanisubiri, ila nisiguse kitu chochote. Maneno matamu. Huyu ndiye mke.
Nimejitolea kumwoshea mzee pikipiki kila Jumamosi. Kafurahi. Pini nimeshainoa.