Bwana Bucha na Sinia Lisilokwisha

Sogeeni, enyi watu wa mtaa na jamaa wa mbali, sogeeni mliokwisha kula na mnaongoja kula. Mwenye kukohoa akohoe sasa, na mwenye simu aizime, maana habari hii si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nitawasimulia vita. Si vita vya mikuki na ngao, hivyo vimesimuliwa hadi vimechuja rangi, bali vita vikuu kuliko hivyo, vilivyopiganwa mchana kweupe juu ya meza ya watu wanne, katika mkahawa wa Kihindi wa wasiokula nyama, ule ulio kati ya duka la miwani na kinyozi. Nilikuwepo. Nilikaa upande wa feni. Anayeona natia chumvi aende akawaulize wenyewe, kisha arudi hapa aniombe radhi mbele ya watu.

Nawe, ewe Tumbo, mfalme usiye na kiti, uliyewaangusha wenye nguvu na kuwapatanisha mahasimu, nipe pumzi niyaseme haya bila kucheka, kwa kuwa nikianza kucheka sitafika mwisho.

Alikuwepo mtu, naye ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, muuza nyama mwenye bucha pale sokoni. Wote humwita Bwana Bucha, Mwenye Shoka, Mpasua Mbavu, ambaye akishusha panga juu ya gogo paka wa soko zima husimama wima. Asubuhi yake ilikuwa nyama, mchana wake nyama, na usiku, ili kulipumzisha tumbo, mchuzi wa nyama. Mboga alizijua kwa sura tu, kama mtu anavyowajua majirani wa mtaa wa pili.

Na alikuwepo mama yangu mzazi, mama mkwe wa huyo, Mkunga Mstaafu, Mpokea Watu, aliyewaleta duniani nusu ya wakazi wa mtaa ule na kumzaba kila mmoja kofi lake la kwanza. Mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na kumbukumbu ndefu. Nyumbani kwake sheria ilikuwa moja: chakula hakibaki. Kubakiza chakula ni kumtukana aliyepika. Sisi wanawe tulilelewa kufuta sahani hadi ukadhani haijatumika, na aliyebakiza tonge alilikuta kesho yake asubuhi, limemngoja.

Sasa, sikilizeni chanzo cha uhasama. Mama alishikwa na jongo la kidole gumba cha mguu, daktari akamkataza nyama, naye akatii. Siku moja akamkaribisha mkwewe chakula, akampikia maharage na majani mabichi kwa mapenzi yake yote. Bwana Bucha akatazama meza, akatazama jikoni, akauliza kwa moyo mweupe kabisa, bila ubaya hata chembe: "Mama, na chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?"

Lo! Tangu siku hiyo Mama hakumsemesha tena. Akiwa naye chumba kimoja alisema, "Mwambieni mume wa mwanangu asogeze kiti." Akimpigia dada simu na mkwewe akaipokea, ilikatika. Jambo hilo lingevumilika, watu wanaishi na mengi, lakini dada yangu alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, amekaribia, na anaogopa. Alimtaka mama yake aje akae kwake hadi mtoto azaliwe. Na Mama alikuwa amesema, nasi tukasikia, kwamba hawezi kulala chini ya paa la mtu aliyekicheka chungu chake. Dada akalia usiku na mchana. Nilimwonea huruma sana, na shemeji nilimwonea hasira, ingawa swali lenyewe, nikiwa peke yangu, lilinichekesha.

Ndipo Mama akatoa sharti. "Nipelekeni ule mkahawa usio na nyama," akasema, "na yeye aje. Nataka nimwone anavyokula."

Hata jua lilipofika utosini tukaingia, Mkunga mbele, dada na tumbo lake wa pili, mimi wa tatu, na Bwana Bucha nyuma kabisa, amevaa shati la harusi. Akatupokea mhudumu, mzee wa makamo mwenye masharubu meupe na kitambaa begani, ambaye wateja wake humwita Mkarimu; nami kwa ajili ya habari hii nitamwita Bwana wa Upawa, Mkono Usiochoka.

"Karibuni, karibuni. Mtapenda nini?"

Mama hakuigusa karatasi ya vyakula. "Mimi nipe sinia kubwa, lile la kila kitu. Na mume wa mwanangu mletee hilohilo." Mimi na dada tukaagiza chapati za kukunja zenye viazi ndani.

Hapa nisimame kidogo, niwaeleze sheria ya nyumba ile, kwa kuwa asiyeijua hataelewa damu iliyomwagika, yaani jasho. Mwenye kuagiza sinia pale hapewi chakula mara moja tu. Kibakuli kikiwa kitupu, mhudumu anakuja na ndoo yake ndogo na upawa, anajaza, bila malipo ya ziada, tena anajaza, na ataendelea kujaza hadi mgeni mwenyewe afunike sinia kwa kiganja. Kitupu maana yake ongeza. Kiganja maana yake basi. Waliozoea pale wote wanajua, na jambo linalojulikana na wote nani ataliandika ukutani? Sisi hatukujua. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa wamekaa mbele ya mama mkwe.

Basi tazameni msiba ulivyojipanga. Kwetu sahani tupu ni shukrani. Kwao sahani tupu ni njaa.

Masinia yakatua. Ndani yake mlikuwa na dengu za manjano, bilinganya zilizochomwa zikapondwa, bamia, mbaazi, viazi vyenye mbegu za haradali, mtindi, achari ya ndimu, wali, na chapati nyembamba zinazofuka moshi. Bwana Bucha akalitazama jeshi lile, akavuta pumzi, akajihutubia kwa sauti ya chini ambayo meza tatu ziliisikia:

"Ewe moyo wangu, uliyeyameza makongoro bila kutetemeka, uliyelala na fahali wa mtu kwenye banda ukimlinda, leo utaikimbia bamia? Simama! Wewe ni baba wa mtoto ajaye. Kufa ni mara moja!"

"Kula, kinapoa," dada akamwambia.

Akala. Akaanza na bilinganya, kwa kuwa alitaka kummaliza adui mkubwa kwanza. Akatafuna. Akasita. Akanigeukia, akaninong'oneza, "Shemeji, hii nyama gani?"

"Bilinganya."

"Acha utani wako."

"Bilinganya, shemeji. Ile ya zambarau."

"Hii hii ninayoipita kila siku sokoni? Na inakaa kimya hivyo?" Akaongeza tonge, na lingine, na furaha ikampanda usoni hata mimi nikaanza kuitamani. Alizifuta dengu, akazimaliza mbaazi, akalamba achari macho yakamtoka, akakwangua kibakuli cha mwisho kikang'aa. Kisha akaweka mikono mapajani, akamtazama mama mkwe wake kwa fahari. Na Mama, ambaye naye sinia lake lilikuwa jeupe, akalitupia jicho sinia la mkwewe, pembe ya mdomo wake ikalegea kidogo. Nikamkanyaga dada mguu chini ya meza kwa furaha.

Wapi! Bwana wa Upawa alikuwa ameshafika. "Vizuri sana, vizuri sana," akasema, na mkono ukashuka, pwaa, dengu, pwaa, mbaazi, pwaa, bilinganya, kwa Mama hivyohivyo. Akaondoka akiimba.

Bwana Bucha akadhani huo ni mtihani ulioandaliwa na mama mkwe wake. Akainama, akala. Mama akadhani mkwewe ameomba aongezwe, naye hawezi kumwacha mgeni ale peke yake, akala. Wakamaliza. Mkarimu akaja. Wakamaliza tena. Mkarimu akaja tena, safari hii mbiombio, na akapaza sauti jikoni, "Leo nimepata watu!" Mpishi mwenyewe akatoka, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akawatazama wawili wale kwa macho ya baba anayeona wanawe wamefaulu. Akarudi ndani kuwasha jiko la pili.

Enyi wasikilizaji, mliwahi kuona mtu akilifungua tundu la mkanda kwa siri mbele ya wakwe? Mimi nimeona. Lilifunguka la kwanza, likafuata la pili, na baada ya hapo mkanda haukuwa na la kusema. Shati la harusi likarusha kifungo, kikaenda kutua kwenye glasi ya fundi saa mmoja mwembamba aliyekaa meza ya jirani. Dada akanong'ona, "Mume wangu, jamani, si useme tu umeshiba?"

"Niseme nimeshiba mbele ya mama yako?" akajibu, na wali ukiwa umefika shingoni. "Nikiacha punje moja hapa, nitakuwa nimekukosesha mama siku unayomhitaji. Niache nife. Mtoto mwambieni baba yake alikufa akila bamia." Dada akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi, nisiwafiche, nililia kwa kucheka tu.

Ndipo ishara ikashuka. Yule fundi saa mwembamba, alipokwisha kukitoa kifungo kwenye glasi yake, alimwona Mkarimu anamjia, na bila neno akaweka kiganja juu ya sinia lake. Mkarimu akainamisha kichwa, akapita. Basi! Ni hivyo tu! Nikaona macho ya Bwana Bucha yanapanuka. Nikajua ameuona mlango wa gereza, na uko wazi. Nikamkonyeza: fanya, shemeji, fanya upone.

Akainua mkono. Kisha akamtazama Mama.

Nami nikamtazama, na ndipo nilipomwona vizuri. Kumbe yule tuliyedhani ni hakimu alikuwa mfungwa mwenzake. Jasho limemkaa puani, kilemba kimeteleza, kipande cha chapati kimekwama nusu ya njia kuelekea mdomoni, na macho yake kwa mkwewe hayakuwa na hukumu tena. Yalikuwa yanamwomba aache kula. Maskini Mama. Alikuwa anakaribia kuanguka, na asingetamka, kwa kuwa sheria ni yake mwenyewe. Akalitia tonge la mwisho mdomoni. Sinia lake likawa jeupe.

Mkarimu akaja na ndoo iliyotoka motoni wakati ule ule, na kwa heshima ya umri akaanzia kwa Mama. Upawa ukachota. Upawa ukapanda. Hapo Bwana Bucha, Mwenye Shoka, Mpasua Mbavu, akainuka kwa tumbo lote alilokuwa nalo, akarusha mkono juu ya meza, akalifunika sinia la mama mkwe wake kwa kiganja kilichotandazwa, akanguruma:

"Koma hapo, ewe mwenye ndoo! Huyu ni mama yangu! Dengu yako haitamfikia ila ipite juu ya mkono huu!"

Ikapita juu ya mkono huo. Yote.

Hakulia. Alipiga chafya moja ya maumivu, akawa wa zambarau, na mkono hakuuondoa. Mpishi akarudi mlangoni. Kumsemea mkweo kwamba ameshiba, bila yeye kusema, ni jambo zito, tulilijua sote, na dada akafumba macho.

Mama akauliza kwa sauti kavu, akimtazama yeye mwenyewe usoni: "Nani amekwambia nimeshiba?"

Hakusema "mwambieni". Alimwambia yeye.

"Hakuna, Mama," akajibu, mkono bado uko palepale unachuruzika manjano. "Nimekuona tu. Nisamehe."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Nimeshiba tangu alipokuja mara ya kwanza, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe uache."

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe, Mama."

Basi Mama akacheka. Sijui kama mmewahi kumsikia mkunga mstaafu akicheka na tumbo limejaa mbaazi, ni kicheko kinachoumiza, akawa anajishika mbavu na kusema "Nisichekeshwe, nitapasuka." Akaukamata ule mkono ulioungua, akaumwagia maji ya jagi zima, akaugeuza huku na huku kama alivyogeuza watoto wachanga, akaufunga kwa kitambaa cha begani cha Mkarimu bila kumwomba ruhusa. Na Mkarimu alipoinua upawa kuelekea sinia la Bwana Bucha, kwa kuwa wajibu ni wajibu, Mama akalifunika kwa kiganja chake mwenyewe bila hata kumtazama.

"Hiyo nyumba yenu," akamwambia mkwewe, "chumba cha uani kina dirisha?"

"Kina, Mama."

"Linafunguka?"

"Limekwama, Mama."

"Lifunguke kabla ya Ijumaa. Mimi silali kwenye joto." Kisha akampa mkoba wake aubebe.

Andikeni basi, enyi wenye kalamu, na wasio na kalamu washike kichwani: kwamba wafalme wameteka miji na majina yao yamesahauliwa, lakini alikuwepo mtu aliyetoka mkahawani kwa mwendo wa bata, mkono umefungwa, shati halina kifungo, mkoba wa mama mkwe begani na mke wake akimshikilia kiunoni, na watu wa meza zote wakasimama kumpisha, akiwemo fundi saa. Na dirisha, nyie, lilifunguka Alhamisi.