Mama Mkwe Hajui Kiswahili

Jumatatu, 6 Mei
Mkuu wa kituo ameniita ofisini. Hakunipa kiti. Dalili mbaya. Kasema mkaguzi anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, na darasa lolote la jioni lenye wanafunzi pungufu ya kumi na wawili litafungwa siku hiyohiyo. Mimi nina wanane. Chumba atapewa Mwalimu wa Cherehani, ambaye wanafunzi wake wamejaa mpaka wanashonea kwenye korido.

Nilipotoka nikamkuta Mwalimu wa Cherehani mwenyewe mlangoni kwangu, utepe wa kupimia shingoni. Kanisalimu kwa adabu zote. Kaniuliza kama soketi za ukutani zinafanya kazi. Nikamwambia hata moja. Zinafanya kazi zote nne.

Sina kazi nyingine. Miaka sita nafundisha wageni Kiswahili katika chumba hiki. Wiki hii tuko kwenye mimi, wewe, yeye. Wiki iliyopita pia. Na ile ya kabla yake.

Jumanne, 7 Mei
Nimelala na wazo, nimeamka na mpango. Nahitaji watu wanne wa kujifanya hawajui Kiswahili. Basi!

Mke wangu amekataa. Anasema tangu tuoane amejifanya vya kutosha. Shemeji amekubali kwa sababu darasani kuna feni. Kinyozi wangu amekubali. Jirani wa chini amekubali, mradi asiambiwe kuandika. Akabaki mmoja.

Nikaenda kwa mama mkwe. Huyu alikuwa mhazili miaka thelathini, na mpaka leo husahihisha kadi za mwaliko kwa kalamu nyekundu na kuzirudisha kwa wenyewe. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akauliza: maadamu anakosea, anaruhusiwa kusema lolote? Nikamwambia lolote, mama. Akakubali haraka mno.

Nimewaandikia masharti: kuchelewa kujibu, kukuna kichwa, na kukosea angalau mara mbili katika kila sentensi tano.

Alhamisi, 9 Mei
Kumi na wawili! Mkuu alichungulia dirishani, midomo ikimcheza kwa kuhesabu. Akaondoka.

Mbele alikaa Mwokaji, kama kawaida, unga kwenye nyusi. Hajakosa hata siku moja. Huko kwenye kiwanda cha mikate msimamizi humbebesha zamu za kila mtu kwa kuwa hawezi kujitetea, na ndiyo maana anasoma.

Nikamwomba mama mkwe ajitambulishe. Akasimama. Akakuna kichwa, sawasawa na masharti. Akaninyooshea kidole na kusema, "Mimi ni mvivu."

Nikamwambia kwa upole kwamba hapo ni wewe, mama, si mimi. Akashukuru sana. Akaendelea, kidole palepale: "Mimi nilioa binti wa watu. Miaka tisa! Na mlango wa kabati mimi sijautengeneza." Kisha akajipigapiga kifua: "Wewe ni mama mvumilivu. Wewe umeona mengi."

Darasa zima likapiga makofi. Fundi Vigae, ambaye kwa kawaida huchora tu pembeni mwa daftari, aliandika kila neno. Ari ya masomo imepanda. Nimefurahi.

Jumatatu, 13 Mei
Mama mkwe amekuwa kipenzi cha darasa. Wote wanamfuata, kwa sababu anaongea bila woga. Wiki tatu na mimi walikuwa wanagugumia, leo wanatiririka. Nikiwasahihisha wanamgeukia yeye, naye anatikisa kichwa kidogo, kama anayenionea huruma.

Nikamvuta koridoni nikamsihi apunguze makosa. Akanikumbusha kanuni yangu ya makosa mawili kwa sentensi tano. Kasema anaweka hesabu, na kwamba ananidai makosa manne.

Shemeji amelala chini ya feni. Kinyozi amemnyoa Fundi Vigae palepale kwenye safu ya pili, somo likiendelea.

Mwalimu wa Cherehani alikuja kuazima chaki, akasimama dakika kumi akisikiliza. Kasema hajawahi kusikia darasa kama hili. Hatimaye ametambua.

Jumatano, 15 Mei
Mwokaji amechelewa, mara ya kwanza. Macho mekundu.

Kisa chenyewe alinieleza kwa mikono na kwa michoro ubaoni. Jana aliamua kutumia elimu yake. Zamu yake ilipoisha alimkabili msimamizi, akamwambia bila kutetemeka: "Wewe umechoka sana. Wewe unakwenda nyumbani." Msimamizi akamshukuru kwa kumjali, akachukua koti lake, akaenda nyumbani. Mwokaji akafanya zamu mbili peke yake.

Hakunikasirikia. Hilo ndilo baya. Aliniuliza amekosea wapi, maana alisema vilevile kama yule bibi wa darasani, mama mkwe. Anadhani hajasoma vya kutosha. Na kaniletea mkate! Nimeuweka juu ya kabati. Siwezi kuula.

Mama mkwe alikuwa akisikiliza. Akakuna kichwa, na safari hii si kwa masharti. Baadaye akaniambia mchezo uishe leo, niwaeleze ukweli. Nikamsihi, mama, zimebaki siku mbili tu, Jumamosi nitawanyoosha wote. Akaniita kwa jina langu kamili, la babu likiwemo. Hajawahi.

Ijumaa, 17 Mei
Mkaguzi ni mama mwenye miwani na faili nene. Wanafunzi kumi na wawili! Akahesabu, akaandika. Mkuu akatabasamu. Ningeomba dua ya kufunga kikao palepale.

Mkaguzi akamwuliza Fundi Vigae anafanya kazi gani. Fundi akamnyooshea kidole: "Wewe unatandika vigae. Wewe ni hodari, lakini wewe huna mke." Mkaguzi akavua miwani. Akauliza kama wengine wana la kusema. Walikuwa nalo. Wanane kwa pamoja, vidole vyote kwangu, matamshi safi kabisa: "Mimi ni mvivu!"

Mkuu akatazama dari. Mlangoni nikaona utepe wa kupimia.

Hapo mama mkwe akasimama. Nikamfanyia ishara akune kichwa. Hakukuna. Kwa Kiswahili kilichonyooka mpaka mkaguzi akafunga faili, alisema yeye si mwanafunzi, ni mkwe wangu, na kwamba kuna wengine watatu wa kuazima kama yeye; kwamba sisi wawili ndio tuliowapotosha hawa wanane; na kwamba wasifungiwe mlango kwa upuuzi wetu.

Kisha akamwita Mwokaji mbele. Akaushika mkono wake, akauweka kifuani pake Mwokaji. Mimi. Akauelekeza kwake mwenyewe. Wewe. Mara tatu tu, taratibu. Mwokaji akamgeukia mkaguzi, mkono ukarudi kifuani wenyewe. "Mimi nimechoka," akasema. Akaninyooshea kidole: "Yeye anatufundisha vibaya. Sisi tunataka kusoma."

Hakukosea hata kidogo! Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Uamuzi: darasa linabaki na wanane wake. Mwalimu: mama mkwe. Msaidizi, wa kufuta ubao: mimi. Mwalimu wa Cherehani kapewa nusu ya chumba, baada ya kuchomeka cherehani kwenye soketi zote nne mbele ya watu.

Jumatatu, 20 Mei
Mwokaji kafika mapema, uso umepumzika. Amemwambia msimamizi, "Mimi nimechoka," akaondoka zake. Alituigizia uso wa msimamizi mara mbili, kwa maombi ya darasa. Mkate wake nimeula, ingawa umekuwa mgumu.

Mama mkwe alimaliza mimi, wewe, yeye kwa saa moja. Lazima niseme ukweli, anajua kufundisha. Nimefuta ubao mara tano. Kasema nimeacha vumbi pembeni.

Nyuma ya darasa, katikati ya kelele za cherehani, nimetafakari kosa langu kwa makini. Ni moja tu: nilichagua mtu anayeipenda lugha kupita kiasi.

Kituo hakina darasa la hesabu. Mkuu anasema nikipata wanafunzi kumi na wawili nitakuwa mwalimu tena. Wanane nitawapata. Wanne nimeshaanza kuwatafuta. Baba mkwe, karani wa stoo mstaafu, amekubali kujifanya hajui kuhesabu. Ameuliza swali moja tu: anaruhusiwa kuhesabu kitu chochote anachotaka?

Nimemwambia chochote, baba.